Ndo, ndo, ndo za bafuni: Je, tone hulipiwa na nani?

WAHENGA walinena: chururu si ndo, ndo, ndo. Maana yake ni kwamba maji yanayochuruzika mfululizo si sawa na yale yanayodondoka tone baada ya tone. Mwenye kutaka kujaza mtungi na asimame penye chururu, asipoteze wakati wake penye ndo, ndo, ndo. Hakuna awezaye kubishana nao juu ya hilo. Lakini wahenga hao hao walinena pia kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hizi mbili zaonekana kana kwamba zapingana. Pahali pa kuzipatanisha ni bafuni, usiku wa manane, wakati mji umelala na bomba la manyunyu, ambalo wengi wetu huliita shawa, linadondosha maji sakafuni hali limefungwa.

Katika miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, sauti hiyo si ngeni. Husikika katika ploti za nyumba za kupanga, ambamo milango sita au kumi hutumia bafu moja au mawili. Husikika katika malojingi yanayowalaza madereva wa malori yaletayo shehena kutoka Mombasa kwenda Kampala na mbele yake. Husikika pia katika nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, ambamo koki ya bafuni imekaa ukutani miaka mingi kuliko umri wa watoto wa nyumba ile. Mwezi wa kwanza watu hulalamika. Mwezi wa pili huzoea. Mwezi wa tatu huweka beseni chini ya shawa, na tangu siku hiyo beseni likawa ndilo fundi wa nyumba.

Makala haya yanahusu kuliondoa beseni hilo. Kazi yenyewe si ngumu, wala haihitaji fedha nyingi. Lakini kabla ya kushika spana yafaa kwanza tujue ni kitu gani kinachopotea, na hasara yake humwangukia nani.

MTUNGI MMOJA KILA SIKU

Tuanze na hesabu, kwani watu hulidharau tone kwa sababu hawajalipima. Wanaoshughulika na mambo ya maji hukadiria kwamba matone 4,000 hivi ya mfereji hufanya lita moja. Siku moja ina sekunde 86,400. Basi bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 usiku na mchana, nayo ni lita 21 na nusu. Kwa lugha ya Busia na Malaba, huo ni mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa hadi shingoni, na maji ya chai yakabaki. Kwa mwaka mzima ni mitungi zaidi ya 390.

Msomaji asituamini hivi hivi. Aweke kopo la lita moja chini ya shawa yake na aangalie saa. Kopo likijaa kwa muda wa saa moja na dakika saba hivi, bomba lake linatoa tone moja kila sekunde. Likijaa kwa nusu ya muda huo, anapoteza mitungi miwili kila siku. Ama lojingi yenye vyumba kumi, ikiwa shawa za vyumba vitano tu zinavuja kwa mwendo huo wa tone moja, hupoteza mitungi mitano kwa siku na 150 kwa mwezi, na wala hakuna mgeni hata mmoja aliyeoga kwa maji hayo.

Mtungi si kipimo cha mchezo katika miji hii. Siku mfereji unapokauka, mtungi huuzwa. Wachuuzi huusukuma kwa mikokoteni au huufunga nyuma ya baiskeli, nayo bei hupanda kwa kadiri kiu inavyopanda. Walio mbali na bomba huteka chemchemini au mtoni. Mto Sio hushuka kwenda Ziwa Victoria na kumwaga maji yake karibu na Sio Port. Mto Malaba, ulioupa mji jina lake, huelekea upande wa Uganda na maji yake huishia Ziwa Kyoga. Yote hayo mwishowe huingia katika Mto Naili. Wateso huyaita maji akipi, Waluhya wengi huyaita amatsi, na kila upande wa mpaka watu wanajua uzito wa mtungi kichwani.

Na si uzito peke yake. Busia imekuwa mahali pa uchunguzi mkubwa juu ya maji ya chemchemi. Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alichunguza pamoja na wenzake faida ya kuzijengea chemchemi kwa saruji ili maji yatoke kwa bomba badala ya kutekwa katika dimbwi lililo wazi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Hata hivyo, majumbani maji hayakutakata kwa kiasi hicho, kwa sababu yalichafuka tena baada ya kutekwa.

Tuliangalie jambo hilo kwa makini. Maji hupata uchafu njiani, na hupata uchafu katika chombo cha kuwekea. Basi maji yaliyosafishwa, yakasukumwa ndani ya mabomba na kufika mpaka ndani ya nyumba bila kubebwa na mtu, ni maji yaliyogharamiwa sana. Kuyaacha yadondoke sakafuni ni kuitupa safari yote hiyo kwenye hatua ya mwisho.

NANI HULIPA?

Mtu mwenye mita yake atasema: "Maji ni yangu, nayalipia mwenyewe, nawe yakuhusu nini?" Jawabu lake ni kwamba huenda halipii. Mita nyingi za kawaida, zile zenye kigurudumu ndani kinachosukumwa na maji, hazihisi vizuri maji yapitayo polepole mno. Tone la bafuni laweza kupita mbele ya mita kama mwizi apitaye mbele ya mlinzi aliyesinzia. Hapo hasara huirudia kampuni ya maji.

Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji nchini, WASREB, imeonyesha katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa na kampuni za maji za Kenya hayaleti fedha. Sababu ni mabomba yaliyopasuka barabarani, watu wanaojiunganishia maji kwa siri, na mita zisizosoma sawasawa. Tone la bafuni ni sehemu ndogo ya hayo yote, lakini limo. Na kampuni isiyopata fedha za maji yake itaendeshwa na nani? Itaendeshwa na wale wanaolipa kwa uaminifu, au itashindwa kupeleka bomba mtaa wa pili.

Katika ploti mambo huwa wazi zaidi. Mara nyingi mita ni moja, nayo bili hugawanywa sawasawa kwa idadi ya milango. Mjane anayeishi peke yake na kutumia mitungi miwili kwa siku hulipa sawa na jamaa ya watu saba. Ikiwa bafu la pamoja linavuja, milango yote hulipia tone hilo, na kwa kuwa hakuna anayejua sehemu yake ni ngapi, kila mmoja humshuku mwenzake. Ugomvi mwingi wa ploti unaosemekana kuwa wa kufua nguo nyingi, chanzo chake ni raba iliyochakaa ndani ya koki.

Yuko pia mlipaji wa tatu ambaye hajawahi kuliona bafu lenyewe. Huyo ni jirani aliye mwisho wa bomba. Maji yanapoletwa kwa mgao wa saa chache, wa kwanza hujaza matangi yao, na wa mwisho hupata yaliyosalia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na huduma za maji ziko chini ya serikali za kaunti. Ni sawa kabisa kuidai haki hiyo kwa kaunti na kwa kampuni. Lakini ni vigumu mtu kuidai kwa sauti kubwa hali nyuma yake bafuni kunasikika ndo, ndo, ndo.

KIDIMBWI NYUMA YA UKUTA

Liko jambo jingine ambalo watu hulisahau. Maji yanayodondoka bafuni hayaishii bafuni. Hupita katika tundu la sakafu, yakatoka nyuma ya nyumba, na pasipo na mfereji mzuri wa kuyapeleka mbali hufanya kidimbwi.

Kaunti ya Busia imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Mbu aitwaye Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakubwa wa ugonjwa huo, hupenda kutaga mayai katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani. Toka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua wiki moja hadi mbili hivi. Kidimbwi cha mvua kikikauka baada ya siku nne, viluwiluwi vyote hufa. Lakini kidimbwi kinacholetewa mtungi mmoja kila siku hakikauki, hata wakati wa kiangazi. Mtu aweza kununua chandarua kipya na papo hapo akawa anawafugia mbu maji nyuma ya dirisha lake.

RABA NDOGO KAMA KIFUNGO

Kwa nini basi shawa haitengenezwi? Wengi husema fundi ni ghali. Wengine husema nyumba si yao. Lakini sababu kubwa ni kwamba koki ya shawa imejificha ukutani, na kitu kilichojificha hutisha. Mfereji wa uani watu huufungua bila hofu. Wa bafuni huonekana kama siri ya fundi.

Siri hiyo ni ya zamani na ni rahisi. Koki ya kukaza kwa kuzungusha ilipewa hataza mwaka 1845 katika mji wa Rotherham, Uingereza, kwa jina la Edward Chrimes, na koki nyingi za zamani zilizomo katika nyumba zetu hufanya kazi kwa njia ile ile. Ndani yake kuna tundu ambalo maji hupitia, na ukingo wa tundu hilo huitwa kiti. Juu ya kiti hukaa raba ya duara, ndogo kama kifungo cha koti. Raba hiyo imeshikizwa kwenye ncha ya mti wa shaba. Unapozungusha mkono wa koki, mti hushuka na kuibana raba juu ya kiti, na maji husimama. Hapo kale raba hiyo ilikuwa ya ngozi. Ikichakaa, au kiti kikichubuka, maji hupenya. Hayo ndiyo yote.

Katika miji yenye maji ya mgao raba huisha mapema. Maji yanaporudi baada ya bomba kukauka huleta mchanga na magamba ya kutu, nayo hukwaruza kiti na kuikata raba. Kisha binadamu huongeza ubaya. Akiona tone, hukaza. Anayemfuata hukaza zaidi. Mwisho huhitaji mikono miwili kufunga, na kwa kila kukaza raba hukatika zaidi. Mtu akiona kwamba lazima aifunge koki kwa hasira, ajue raba imekwisha zamani.

Watu wa mpakani hawana sababu ya kuogopa raba. Hapa ndipo lilipozaliwa neno bodaboda. Katika miaka ya 1960 na 1970 wenye baiskeli waliwapakia wasafiri na mizigo yao kuwavusha ile ardhi iliyo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wakiinadi safari ya toka boda hadi boda. Neno likaenea Afrika Mashariki nzima, na baadaye pikipiki ikarithi jina na kazi. Baiskeli hizo ziliishi kwa viraka. Tyubu ikichakaa haikutupwa. Ilikatwa ikawa mpira wa kufungia mizigo, au kiraka cha tyubu nyingine, au raba ya mfereji.

Hata leo yuko fundi atakayekuchongea raba ya koki kwa tyubu ya baiskeli. Itakufaa usiku mmoja ambapo maduka yamefungwa. Lakini tyubu ni nyembamba na laini. Kiti cha koki huila upesi. Raba yenyewe ya koki ni nene na ngumu kiasi, na dukani huuzwa kwa shilingi chache. Hapana haja ya kupunja hapo.

KAZI YENYEWE

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Ikiwa shawa inadondosha kwa dakika chache tu baada ya mtu kuoga, kisha ikanyamaza, hayo ni maji yaliyosalia katika kichwa cha shawa, wala hakuna ugonjwa. Ikiwa inadondosha usiku kucha, raba au kiti ndicho kibovu. Ikiwa maji yanatoka shingoni mwa koki, pale mti unapoingilia, wakati koki imefunguliwa, basi kilichochakaa ni uzi au mpira wa shingo. Na ikiwa ukuta wa chumba cha pili una unyevu na rangi inabambuka, bomba lenyewe limetoboka ndani ya ukuta. Hilo la mwisho ni la fundi, na la haraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa methali hiyo si mfano tena, ni habari kamili.

Pili, ikiwa shawa yako ni ile ya umeme inayochemsha maji papo hapo, zima swichi yake, kisha zima na ile ya kwenye boksi kuu la umeme. Usiguse chochote kwa mikono yenye maji kabla ya kufanya hivyo. Umeme na maji havina msamaha.

Tatu, funga maji. Tafuta koki ya kufungia iliyo karibu na tangi au karibu na mita. Kisha fungua shawa mpaka bomba likauke. Ziba tundu la sakafu kwa kitambaa, kwani skrubu ndogo zina tabia ya kukimbilia huko na hazirudi.

Nne, ondoa mkono wa koki. Juu yake huwa na kifuniko kidogo. Kiinue kwa ncha ya kisu, na chini yake utaiona skrubu. Ifungue kwa bisibisi. Ukishatoa mkono, toa na lile bakuli la kufunika ukuta. Sasa utaiona nati kubwa ya shaba. Ifunike kwa kitambaa ili isichubuke, uishike kwa spana inayoenea sawasawa, na uizungushe kinyume cha mwendo wa saa.

Hapa ndipo subira inapohitajika. Koki ya miaka mingi huwa imeshikamana kwa kutu na chokaa. Ikikataa, usiipigane nayo. Paka mafuta ya kulegeza kutu, uiache saa kadhaa, kisha ujaribu tena pole pole. Mabomba ya chuma ya zamani yamekonda kwa ndani. Ukitumia nguvu za kung'oa mti, bomba litajipinda na kupasuka ukutani, na kazi ya shilingi chache itakuwa kazi ya kubomoa vigae. Ukiona kwamba bomba zima linazunguka pamoja na nati, acha hapo hapo uite fundi. Kumwita wakati huo si aibu.

Tano, nati ikilegea, vuta koki nzima nje. Kwenye ncha yake utaikuta raba, ambayo huenda imeshikwa na nati ndogo. Itazame. Mara nyingi utaona mfereo wa duara umechimbika katikati, au upande mmoja umeliwa. Itoe, uitie mfukoni, uende nayo kwenye duka la hadiwea. Usiende ukasema "nipe raba ya shawa," kwa maana ziko za nusu inchi na za robo tatu, bapa na zenye mgongo. Weka ya zamani mezani upewe iliyo sawa nayo.

Sita, kabla ya kutia raba mpya, ingiza kidole ndani ya tundu ukipapase kiti. Kikiwa laini pande zote, ni kizima. Kikiwa na mikwaruzo, raba mpya haitamaliza mwezi. Yuko fundi mwenye kifaa cha kusugulia kiti hadi kilingane, na kuomba huduma hiyo ni bora kuliko kununua raba kila mwezi. Magamba meupe ya chokaa yatoe kwa siki na mswaki wa zamani.

Saba, tia raba mpya. Ikiwa shingo nayo ilikuwa ikivuja, badilisha mpira wake, au zungushia mti uzi wa katani kama mafundi wa zamani walivyofanya, au ule utepe mweupe wa kufungia nyuzi za bomba. Usipake mafuta ya kujipaka mwilini kwenye raba. Mengi yake hutokana na petroli, nayo huvimbisha mpira na kuulainisha.

Nane, rudisha koki mahali pake huku mti ukiwa umefunguliwa, wala si umefungwa. Ukiirudisha hali imefungwa, raba itabanwa na kupondwa kabla ya kuanza kazi. Kaza nati ishike, bila kuonyesha ubabe. Fungua maji kidogo kidogo, ili hewa itoke na mchanga upite. Kisha funga shawa kwa vidole tu. Ikisimama kwa vidole, umefaulu.

Neno moja kwa wenye koki za kisasa. Zile zinazofunga kwa kuzungushwa robo tu hazina raba ya namna hii. Ndani yake mna sahani mbili za kauri zinazoteleza moja juu ya nyingine. Zikivuja, huondolewa kipande chote cha ndani na kutiwa kingine cha aina ile ile. Hapo pia dawa ni kwenda dukani na kile cha zamani mkononi.

MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI

Katika nyumba ya mtu mwenyewe habari imekwisha. Katika ploti bado kuna swali: kazi hii ni ya nani? Mpangaji husema, "Koki ni ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe." Mwenye nyumba husema, "Wao ndio wanaoikaza mpaka ikavunjika." Wakati wanapoulizana, tone halingoji hukumu.

Rai yetu ni hii. Kwa kuwa koki ni ya nyumba, raba na inunuliwe na mwenye nyumba. Tena anunue kadhaa kwa pamoja na kuziacha kwa mtunza ploti, maana bei yake haifiki bei ya ugomvi mmoja. Kwa kuwa wapangaji ndio wanaoishi na koki, na wao waiseme siku ile ile tone linapoanza, bila kungoja mwisho wa mwezi bili ifike. Na kwa kuwa bili hugawanywa kwa milango, lile kopo la lita moja na liwe shahidi: likiwekwa chini ya shawa usiku na kukutwa limejaa asubuhi, hakuna tena haja ya kumshuku anayefua nguo nyingi.

Wenye malojingi nao wana hesabu yao. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yalipanga foleni ya makumi ya kilomita kuelekea Malaba, na madereva wakangoja kwa siku nyingi kupimwa. Kila mtu alijifunza wakati ule kwamba maji ya kunawa na kuoga si anasa katika mji wa mpakani. Busia imekuwa na kituo kimoja cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, na msafiri hupita upesi kuliko zamani. Lakini dereva aliyetoka Mombasa bado ataangalia bafu kabla ya kulipia chumba. Shawa inayofunga vizuri humwambia kwamba mwenye nyumba hii anatunza na vitu visivyoonekana.

Wala kazi hii si ya wanaume peke yao. Haitaki misuli; kama tulivyoona, misuli ndiyo inayoharibu. Inataka kitambaa, bisibisi, spana na subira. Mtoto wa miaka kumi na minne, msichana au mvulana, akisimamiwa na mtu mzima na umeme ukiwa umezimwa, aweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Na akishaiona raba ile kwa macho yake, iliyoliwa upande mmoja, hataifunga koki kwa hasira maisha yake yote.

Jumamosi hii basi, usianze na spana. Anza na kopo na saa. Hesabu mitungi yako kwa mwezi, uizidishe kwa bei ambayo mchuuzi wa mtaani kwako aliuza siku ya mwisho bomba lilipokauka. Kisha nenda hadiwea uulize bei ya raba.